Kinini na nyungu havigombani

Ndugu mufanyakazi, munganga akipima damu yako na kukuambia kama kolesteroli imepanda, pengine utacheka. Mwili hauumi, kazi unafanya, ngazi unapanda. Lakini kolesteroli ikizidi ndani ya damu, inabandika pole pole katika mishipa, kama uchafu ndani ya bomba la maji. Miaka inapita bila dalili. Siku moja njia inafunga: mushipa wa moyo, moyo unakosa damu, mushipa wa kichwa, mutu anapooza upande mumoja. Na kama siku ile unaendesha kamyo, hatari si yako peke yako.

Wamoja wanasema: nimepewa kinini, basi nile kama zamani. Wengine wanasema: nitaacha nyama, vinini sitaki. Kwa maoni yangu, wote wanakosa. Sehemu kubwa ya kolesteroli inatengenezwa na maini yako mwenyewe. Ndiyo maana hata mutu mwembamba anaweza kuwa nayo nyingi, hasa kama baba ao mama yake alikuwa nayo. Statini, dawa ambayo waganga wanaandika mara nyingi, inapunguza kazi ile ya maini, na inaweza kushusha kolesteroli mbaya kwa 30 hadi 50 kwa mia. Chakula peke yake mara nyingi hakifiki pale. Lakini anayemeza dawa na kula mafuta bila kipimo ni kama anayepompa maji ya mugodi na huku anafungulia bomba.

Mama wa nyumba, hatukuambii uache sombe. Sombe, maharagi na bukari havina kolesteroli. Ila karibu nusu ya mafuta ya ngazi ni mafuta mazito yanayoipandisha; pale ulipomwanga kikopo, weka vijiko viwili. Thomson upike na tomati, usikaange. Kuku, utoe ngozi. Na tusikulaumu wewe tu: kuna bwana anayekula vizuri nyumbani, halafu jioni anamaliza michopo kwenye baa. Ile haukuipika wewe.

Jambo baya kuliko yote ni hili: mutu anameza miezi miwili, anapimwa, damu ni nzuri, anaacha. Ao anagawanya vinini na ndugu yake. Damu ilikuwa nzuri kwa sababu ya dawa! Ukiiacha, kolesteroli inarudi ndani ya majuma machache. Ukisikia misuli inauma bila sababu, ao mikojo ikigeuka nyeusi, rudi kwa munganga mara moja. Anaweza kubadilisha dawa. Mama mwenye mimba amwambie munganga mbele ya kumeza.

Ukienda kupimwa tena, chukua paketi ya vinini, na uende pamoja na bibi yako. Yeye ndiye anayeshika kijiko cha mafuta, na maneno ya munganga afazali ayasikie mwenyewe.