Polisi na raia: Haki isisubiri sikio la Ikulu

KWA wakazi wa Nyamahanga na vijiji vingine vya wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, askari polisi mwenye bunduki si mgeni. Kwa miaka mingi mabasi yaliyopita katika misitu ya wilaya hizo yalisindikizwa na polisi kwa hofu ya majambazi wa barabarani. Askari akipanda basi, abiria walishusha pumzi. Hiyo ndiyo imani ya kweli kwa chombo cha dola: raia anapomwona mlinzi wake, hofu hupungua.

Abiria huyo huyo akifika Dar es Salaam, hasa akiwa na fedha au madini ya kuuza, hupewa na wenyeji wake ushauri mwingine. Huambiwa ajihadhari na vibaka, kisha huambiwa ajihadhari pia na baadhi ya askari. Ushauri huo haukuzuka hivi hivi. Una historia yake.

Januari 14, 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, mkoani Morogoro, pamoja na dereva teksi mmoja wa Dar es Salaam, waliuawa kwa risasi mikononi mwa polisi. Wakati huo Jiji lilikuwa limekumbwa na wimbi la ujambazi, na wananchi walikuwa wakiitaka Serikali mpya ya Awamu ya Nne ichukue hatua kali. Polisi walitangaza kwamba waliouawa walikuwa majambazi, na kwamba kulikuwa na majibizano ya risasi.

Kama si ndugu na wenzao wa Mahenge kupaza sauti, huenda habari ingeishia hapo. Rais Jakaya Kikwete aliunda tume chini ya Jaji Musa Kipenka, na ikabainika kwamba watu wale hawakuwa majambazi. Ilielezwa kwamba waliuawa katika msitu wa Pande, nje kidogo ya Jiji.

Kesi iliyofuata ilikuwa ndefu. Agosti 2009 Mahakama Kuu iliwaachia huru Abdallah Zombe, aliyekuwa Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa wa Dar es Salaam, na maofisa na askari wenzake wanane. Serikali ilikata rufaa. Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani mmoja tu, Christopher Bageni, na kumhukumu kunyongwa. Zombe na wengine waliokuwa kwenye rufaa walibaki huru. Miaka 10 na ushei ilikuwa imepita.

Mahakama ilifanya kazi yake kwa ushahidi uliofikishwa mbele yake, na si nia ya makala haya kuihukumu upya. Jambo linalopaswa kutushughulisha lilitangulia kesi. Ni lile neno "jambazi". Likishatamkwa na polisi juu ya maiti, marehemu hana tena nafasi ya kujitetea, na ndugu zake hubaki na kazi ya kuthibitisha kwamba mtu wao hakuwa mhalifu. Mzigo wa ushahidi unahama kutoka kwa aliyefyatua risasi kwenda kwa waliofiwa.

Wapo wanaosema polisi wasivunjwe moyo. Hoja hiyo ina uzito wake. Julai 2015 majambazi walivamia Kituo cha Polisi Stakishari, Dar es Salaam, wakaua askari na raia na kupora silaha. Askari anayepambana na watu wa namna hiyo anastahili sheria inayomlinda. Lakini kumlinda askari mwema hakuhitaji kumfichia askari mhalifu. Kinyume chake, uongo wa mmoja huwachafua wote waliovaa sare ile ile.

Wala mkasa wa Mahenge haukuwa wa mwisho. Januari 2022 kijana mfanyabiashara wa madini kutoka Nachingwea aliuawa mkoani Mtwara mikononi mwa polisi, katika mkasa uliohusishwa na fedha zake. Rais Samia Suluhu Hassan hakuridhika na Jeshi la Polisi kujichunguza lenyewe, akaagiza uchunguzi wa chombo kingine. Juni 2025 Mahakama Kuu, Mtwara, iliwahukumu maofisa wawili wa polisi adhabu ya kifo.

Msomaji makini ataona kinachofanana katika mikasa hii miwili. Mambo yalisogea baada ya Ikulu kuingilia kati. Hata kesi ya kubambikiwa ya mfanyabiashara mmoja wa Tabora, aliyejikuta akishitakiwa kwa mauaji, ilifutwa Machi 2019 baada ya Rais John Magufuli kusoma barua ya malalamiko gazetini. Ni jambo jema kwamba Rais alisoma. Lakini je, siku ile asingelifungua gazeti lile?

Hapo ndipo penye kiini cha manung'uniko ya wananchi. Wanajua kuwa polisi, kama watu wengine, hukosea. Kinachowakatisha tamaa ni kwamba lalamiko dhidi ya kituo hupelekwa kituoni. Ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ipo tangu 2001, lakini kazi yake ni kuchunguza na kupendekeza; haina uwezo wa kumpandisha askari kizimbani.

Kenya walijaribu njia nyingine. Kwa sheria ya 2011 waliunda IPOA, mamlaka huru ya kuwachunguza polisi. Haijamaliza maovu. Juni 2025 mwalimu kijana alifia katika kituo kikuu cha polisi Nairobi, na polisi wakasema alijigonga kichwa ukutani, maelezo ambayo uchunguzi wa daktari uliyapinga. Tofauti ni kwamba palikuwapo na chombo ambacho kwa mujibu wa sheria kililazimika kuanza kuuliza, bila kungoja amri ya mkubwa yeyote.

Kwetu tume si haba. Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi ripoti yake Julai 2023 na kupendekeza Jeshi la Polisi lifumuliwe na kusukwa upya. Baada ya vurugu na vifo vya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, jaji huyo huyo alikabidhiwa tume nyingine. Nchi inayorudi kwa jaji yule yule kwa maswali yanayofanana inajieleza yenyewe: majibu yalikuwapo, utekelezaji ndio uliokosekana.

Yanayotakiwa hayazidi uwezo wa nchi hii. Kila anayeuawa na risasi ya polisi achunguzwe kifo chake na mtu asiye polisi, na matokeo yatangazwe. Polisi wasimwite marehemu jambazi kabla ya uchunguzi huo. Na chombo huru chenye meno kiundwe kwa sheria, chenye ofisi mikoani, ili mama wa Nyamahanga aliyepoteza mwanawe Dar es Salaam asihitaji kumfahamu mtu Ikulu ndipo asikilizwe.