Zidaka Badala ya Kabati
Ndugu msomaji, kabla hujakopa fedha za kununua kabati la vioo, sikiliza. Nipambapo nyumba siku hizi, mfano wangu ni Lamu, mji wa kale wa pwani ya Kenya ulioingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Vyumba vya majumba yake ya mawe ni vyembamba, kwani upana ulitegemea urefu wa boriti za mikoko: kiasi cha mita 3 tu. Wenyewe hawakuvisonga kwa makabati. Walijenga zidaka ukutani kwa chokaa, wakapanga humo sahani za kaure kutoka China. Lakini kuta zao zilikuwa nene. Zetu za matofali usizichimbe, hasa uwapo mpangaji! Rafu fupi za ubao, juu ya kimo cha watoto, zatosha. Na sakafuni patabaki nafasi ya kutandika mkeka wageni wajapo.