Tajiri Akiomba Kura

Wako wasemao kuwa tajiri Bungeni hawezi kuiba, kwani amekwisha shiba. Mtazameni Silvio Berlusconi wa Italia. Alijenga majumba kandokando ya Milan, akamiliki stesheni tatu za televisheni, na mwaka 1994 akaingia Bungeni na kuwa Waziri Mkuu, biashara zake hakuziacha. Mwaka 2013 hukumu ikathibitishwa: alidanganya kodi za mwaka 2002 na 2003, naye ndiye Waziri Mkuu! Seneti likamfukuza, mwaka 2022 kura zikamrudisha. Mshika mawili moja humponyoka, na lililoponyoka ni la wananchi. Basi tajiri akija kuomba kura, msimwulize ana mali kiasi gani. Mwulizeni: duka umemwachia nani?