Meka nayo ipimwe

Ku soko, mama mwenye kununua unga anaangalia kwanza meka, kisha unga. Kama meka iko na tako lenye kupigwa ndani, hata unga ukiwa mweupe namna gani, amekwisha kuibiwa. Sisi wenye kutumika na ordinatere tunasahau akili hiyo ya soko. Tunapima programu za watu, lakini kipimo chenyewe hatukipimi.

Ninaanza na kosa letu wenyewe. Mwezi moja, programu tuliyoandika kwa kutayarisha listi ya mishahara ilizimika usiku wa kuamkia siku ya malipo. Programu ikianguka hivyo, kuna chombo cha kuonyesha njia iliyopita: kipande gani kiliita kipande gani, mpaka pale ilipoangukia. Ni sawa vile nyayo ndani ya matope. Kachombo hako tulikatengeneza sie wenyewe, na hatukukajaribu hata siku moja. Kakatuonyesha A, kisha C. Tulichunguza A siku tatu. Bure! Mwenye kosa alikuwa B, katikati yao, na hakuonekana popote. Watu walingoja franga zao siku tatu, watoto wao wakafukuzwa ku masomo, juu ya nyayo zenye kudanganya.

B alipita wapi? Hakuna uchawi. Chombo cha namna hiyo hakisomi historia. Kinasoma anwani zenye programu inaweka ndani ya memori ili ijue kwenye itarudi. Kama kazi ya mwisho ya B ni kuita C, kompilateri inaweza kuona hakuna haja ya kurudi tena kwa B. Inaruka moja kwa moja, na nyayo za B zinafutika.

GDB, yenye Richard Stallman aliandika katika mwaka 1986, inajua mtego huo: kompilateri ikiacha habari za kutosha, inamrudisha B ku listi. Na wenye kuitunza hawaamini maneno tu. Wako na maelfu ya majaribio yenye kuendeshwa na mashini yenyewe, kwa njia ya DejaGnu. Namna yake si ngumu. Unaandika kaprogramu kenye unajua ukweli wake mbele ya yote: A aite B, B aite C, C asimame. Kisha unaita chombo, na mashini inalinganisha. Ikitoka C, B, A, jaribio limepita. Ikitoka kingine, limeanguka.

Hata pale kuna mitego. Ukiuliza chombo wakati programu haijafika kwa C, jaribio litaanguka leo na kupita kesho, na mwishowe watu watazoea kulidharau. Kwa hiyo kaprogramu lazima katoe alama kwanza: nimefika, uliza sasa.

Wenzetu watasema: mwenye kutupa kazi halipi majaribio, na moto unakatika kila siku. Ninawasikia. Lakini mwenye kuwa na moto saa chache njo mwenye kuhitaji mashini imukagulie haraka kile mutu angekagua siku nzima, tena akiwa amechoka. Wengine watasema: aliyeandika chombo njo anaandika jaribio, kwa hiyo kosa la kichwa chake litapita pande zote mbili. Ni kweli. Basi jaribio liandikwe na mwingine, na kila kosa linalopatikana ligeuzwe jaribio, lisirudie tena.

Kwa walimu wa masomo makubwa ninaomba jambo moja: mwanafunzi akileta programu yake, musiangalie paka kama inatembea. Mumuulize pia majaribio yake yako wapi, na siku gani yalianguka mara ya mwisho. Jaribio lenye halijaanguka hata mara moja, na lenyewe halijulikani kama linapima kitu.

Kwetu, B iko na jaribio lake sasa. Tulilichelewesha, na si sisi tulilipa bei yake. Waliolipa ni wale waliongoja mshahara.