Dalali hatakuambia deni la pango la ardhi



Wanaotafuta nyumba ya kununua hapa Dar es Salaam huuliza kila kitu: maji, barabara, mafuriko, majirani. Kodi huulizwa mwisho, na dalali hujibu, "Inakatwa kwenye LUKU, bosi, usijali."

Hajadanganya, ila amesema nusu. Kinachokatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ni kodi ya majengo: tangu 2023, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa mjini. Nyumba ya sakafu mbili, basi, ni 180,000 kwa mwaka. Omba risiti ya umeme ya karibuni uone makato, kwani miezi isiyolipwa hujilimbikiza na kukusubiri.

Kinachoumiza ni pango la ardhi. Hilo halimo kwenye LUKU. Hutegemea ukubwa wa kiwanja, mahali kilipo na matumizi yaliyoandikwa kwenye hati, na kiwanja cha biashara hakilipi sawa na cha makazi hata kama vimepakana. Muuzaji akiwa hajalipa miaka kadhaa, deni na riba yake hubaki na kiwanja, si na yeye aliyehamia Kibaha. Mwambie atoe namba ya malipo kutoka ofisi ya ardhi mkiwa pamoja, kabla ya kukabidhiana hata shilingi ya kishika uchumba.

Weka pembeni pia ushuru wa stempu, takriban asilimia 1 ya bei.

Msomaji,
Tabata, Dar es Salaam