Jukwaani Hakuna Leseni

Septemba 6, 2025, siku tisa tu tangu CCM izindue kampeni zake za urais katika viwanja vya Tanganyika Packers, Kawe, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilisimamisha kwa siku 90 leseni ya maudhui ya mtandaoni ya JamiiForums. Kosa lililotajwa ni maudhui yaliyopotosha umma, yakamdhalilisha Rais na kuichafua Serikali. Kampeni zenyewe zilikuwa za siku 62. Adhabu ikameza kampeni zote zilizobaki, ikameza na siku ya kura, Oktoba 29, ikaendelea mpaka Desemba.

Uamuzi ule ulikuwa mbaya, na sioni haja ya kuzunguka mbuyu kulisema hilo. Waliolalamika wakati ule walizungumzia zaidi uhuru wa kujieleza. Hasira yangu iko kwenye jambo finyu zaidi. Jamii Africa, asasi inayoendesha JamiiForums, ndiyo hiyohiyo inayoendesha JamiiCheck, dawati la kuhakiki madai yanayozagaa mitandaoni na majukwaani. Nchi hii haina madawati mengi ya namna hiyo. Ukilitaja hilo na NuktaFakti ya Nukta Africa, umeshataja yanayojulikana zaidi. Kwa hiyo msimu ambao madai yanamwagwa kila jioni kwa spika kubwa ndio msimu tuliochagua kumnyang'anya mhakiki uwanja wake.

Tusijidanganye kwamba mwananchi anahitaji mhakiki kwa kila kitu. Mgombea akisimama Zakhem akatangaza kwamba mwendokasi wa Mbagala umekamilika, abiria wa Rangi Tatu hahitaji kuambiwa na mtu. Anajua zege lilimwagwa Barabara ya Kilwa, vituo vikasimama, kisha mabasi yakasubiriwa kwa muda mrefu huku yeye akiendelea kuning'inia kwenye mlango wa daladala. Mtu wa Kinondoni akiambiwa Jangwani hapafuriki tena, atasubiri masika ampime msemaji.

Tabu iko kwenye madai ambayo macho hayayafikii. Kawe palitolewa ahadi za siku 100 za kwanza, zikiwamo kuanza kwa majaribio ya bima ya afya kwa wote na kuzipiga marufuku hospitali kuzuia maiti kwa sababu ya deni. Ni ahadi zinazomgusa kila aliyewahi kukaa kwenye benchi pale Mwananyamala au Temeke. Lakini sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023. Kwa nini, karibu miaka miwili baadaye, iliuzwa kama habari mpya? Fedha zitatoka wapi, na nani atamlipia mama lishe wa Tandika? Katazo la kuzuia maiti nalo lilikwisha kutolewa na Wizara ya Afya huko nyuma, hivyo swali la haki ni kwa nini halikutekelezwa. Hayo hayajibiwi kijiweni. Yanajibiwa na mtu mwenye muda, mwenye nyaraka, na asiyeogopa kugongewa mlango.

Nyaraka zenyewe ni shughuli. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma hadi siku 30 kumjibu mwombaji. Katika kampeni za siku 62, barua ikiandikwa siku ya uzinduzi na ofisi ikaitumia haki yake yote ya kisheria, jibu linafika kampeni zikiwa nusu. Mgombea wakati huo ameshahama mikoa kumi na madai mapya mia.

Wapo wanaoutetea uamuzi wa TCRA, na tuwasikilize. Wanasema uongo unaua, na kweli unaweza kuua. Wanakumbusha kwamba Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi katika mtandao wa X ilidukuliwa, ikatangaza kifo cha Rais ambaye yu hai, na sasa akili unde inatengeneza sauti na sura za watu wasiosema walichosemeshwa. Wanasema wapinzani nao wana chumvi nyingi. Wanasema hata wahakiki wana wafadhili wa nje. Yote hayo yana ukweli kiasi, na yote yanadai wahakiki wengi zaidi. Hakuna hata moja linalodai wachache. Tuendelee.

Hoja inayoamua kesi hii ni kipimo kilichotumika. Rudia kuisoma sababu ya adhabu: kupotosha, kudhalilisha, kuchafua. Katika maneno hayo matatu, ni moja tu linalogusa kama jambo ni la kweli au la uongo. Mengine mawili yanauliza nani ameumia. Sasa fikiria kazi ya mhakiki ilivyo. Anachukua kauli ya mkubwa, anaipima, na nusu ya siku zake anaishia kusema kwamba mkubwa amekosea. Kila anapoifanya kazi yake vizuri, taswira ya mtu inaharibika. Mbele ya kipimo cha namna hiyo, mzushi na mhakiki wanakaa benchi moja la washtakiwa, na mhakiki yuko hatarini zaidi, kwa sababu kauli yake ina ushahidi na inauma.

Ukitaka kuona ubovu wa kipimo hicho, nenda Temeke. Septemba 15, 2007, katika viwanja vya Mwembeyanga, Dk. Willibrod Slaa wa Chadema alisoma orodha ya watu 11 aliowatuhumu kwa ufisadi, na kati ya aliyoyagusa ni fedha za akaunti ya EPA ndani ya Benki Kuu. Waliotajwa walikanusha, wengine wakaahidi kwenda mahakamani, na wapo waliomwona mzee amechanganyikiwa. Januari 2008, kabla miezi minne haijaisha, ukaguzi wa Ernst & Young ukaonyesha kwamba kampuni 22 zilichota isivyo halali shilingi bilioni 133 kutoka akaunti hiyo katika mwaka wa fedha 2005/06. Rais Jakaya Kikwete akatengua uteuzi wa Gavana Daudi Ballali.

Simaanishi kwamba kila jina na kila neno la Mwembeyanga lilithibitika. Nasema hiki: siku ile Slaa aliposhuka jukwaani, hotuba yake ilikuwa imewadhalilisha wakubwa na kuichafua Serikali kuliko chochote kilichowahi kusemwa Temeke. Kwa kipimo cha Septemba 2025, mtandao ambao ungeiweka hewani ungestahili kufungiwa kesho yake asubuhi. Ukaguzi ungekuja Januari, na watu wa kuusoma wakiwa bado wanatumikia siku zao 90. Kilichomwokoa mlipa kodi ni kwamba dai liliachwa likae hewani hadi wakaguzi wafike.

Wala kipimo hiki hakikuzuka juzi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilianza kutumika Septemba 1, 2015, kampeni zikiwa zimepamba moto, na kifungu chake cha 16 kinaadhibu taarifa za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Uchaguzi ukafanyika Oktoba 25. Oktoba 29 polisi waliingia Mbezi Beach, kwenye kituo cha waangalizi wa ndani kilichoendeshwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wakachukua kompyuta na simu na kuwakamata watu 36. Kazi yao ilikuwa kukusanya taarifa za waangalizi kutoka vituoni.

Julai 2018, asasi ya utafiti ya Twaweza ilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wanaoridhika na utendaji wa Rais Magufuli wameshuka kutoka asilimia 96 mwaka 2016 hadi 71 mwaka uliofuata, kisha 55. Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) ikaibuka kuuliza kibali, na mkurugenzi wa Twaweza akanyang'anywa pasipoti. Mwaka huohuo Bunge likarekebisha Sheria ya Takwimu, likafanya kosa la jinai kuchapisha takwimu zinazobatilisha au kutia doa takwimu rasmi: faini isiyopungua milioni 10 au jela isiyopungua miaka mitatu. Benki ya Dunia ilipolalamika, mwaka 2019 makali yakapunguzwa. Lakini tazama jinsi kosa lilivyoandikwa. Halikuwa kukosea hesabu. Lilikuwa kupata jibu tofauti na la Serikali, hata kama jibu la Serikali ndilo lenye kasoro.

Hapa ndipo uvumilivu wangu unapokwisha. Mgombea anayeshika dola ndiye mtoa madai mkubwa kuliko wote, kwa sababu kila barabara, kila zahanati na kila kisima anakihesabu kuwa ni chake. Takwimu za kumpimia ziko kwenye ofisi zake. Mamlaka inayotoa na kunyang'anya leseni ya mhakiki iko chini ya Serikali yake. Kesi ya ngedere, hakimu nyani. Na yeye mwenyewe, akipanda jukwaani kuhutubia maelfu, haombi leseni ya maudhui kwa mtu yeyote.

Uzito wa jambo unazidi ukifika kwenye dai kubwa kuliko yote ya msimu, yaani matokeo yenyewe. Tume ya uchaguzi ilimtangaza Rais Samia mshindi kwa asilimia 97.66, katika uchaguzi ambao Tundu Lissu wa Chadema alikuwa rumande kwa kesi ya uhaini na Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo ameenguliwa. Ibara ya 41(7) ya Katiba inaizuia mahakama yoyote kuchunguza kuchaguliwa kwa Rais aliyekwisha kutangazwa. Mahakama ya Afrika, iliyoko hapahapa Arusha, ilisema Julai 2020 kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Ipo mpaka leo. Wenzetu wa Kenya mwaka 2022 waliweka mtandaoni fomu za matokeo, 34A, kutoka vituo zaidi ya 46,000, kila mwenye simu na kikokotoo akajumlisha mwenyewe, na malalamiko yalipofika Mahakama ya Juu, fomu zilikuwapo za kuulizwa. Kwetu, mwaka 2015, waliojaribu kukusanya taarifa za vituo walibebwa kwenye karandinga.

Gharama ya kuzuia watu kuhesabu tuliiona kuanzia Oktoba 29, 2025. Intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na watu wakauawa ambao wakati huo Serikali haikutoa idadi yao. Upinzani ukataja mamia, kisha zaidi. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa nayo ikazungumzia mamia. Serikali ikalalamika kwamba watu wanakuza mambo. Hivi kweli! Umewafungia wanaohesabu, umezima njia ya kuhesabia, hesabu yako umeikalia, halafu unashangaa kwamba uvumi unasikika Mbagala kuliko wewe?

Dawa haihitaji semina wala mkakati wa miaka mitano. Suala la ukweli wa kauli za kisiasa liondolewe TCRA, wabaki na masafa na minara. Aliyechafuliwa aende mahakamani kama raia mwingine, athibitishe kwamba alichosemwa ni uongo. Wakati wa kampeni, ofisi za umma zijibu maombi ya takwimu ndani ya siku tatu. Fomu ya matokeo ya kila kituo ichapishwe, na Ibara ya 41(7) ifutwe. Mpaka hapo, mkazi wa Mbagala akiambiwa jambo na Serikali ana kila haki ya kutoliamini, na Serikali haina wa kumlaumu.