Kuinua Mkia wa Gari

Limeingia neno katika gereji zetu, nalo lapendwa kama wimbo wa harusi: "Gari halitalala tena." Anayelisema ni fundi; anayelisikia ni mwenye pikapu achukuaye dagaa Kibirizi, mawese Mwandiga, au saruji mjini Kigoma kupeleka vijijini. Zamani dawa ilikuwa moja tu: kuongeza majani ya springi za nyuma mpaka gari litembee kama lori la kokoto. Siku hizi ipo dawa ya kisasa, mifuko ya mpira inayofungwa kati ya ekseli na chesesi, kisha ikajazwa upepo kama tairi. Mkia uliolala huinuka, taa za mbele huacha kumulika matawi ya miembe, na mwenye gari huondoka akitabasamu.

Siigombi mifuko yenyewe. Naugomba uongo unaouzwa pamoja nayo, kwamba gari lililoinuliwa mkia limeongezewa uwezo wa kubeba na kuvuta.

Nimefundisha walimu kwa miaka mingi, na nilistaafu nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu. Somo la springi lilikuwa miongoni mwa masomo mepesi kuonyeshwa darasani. Robert Hooke alitangaza kanuni yake mwaka 1678: ning'iniza kilo moja, springi itavutika kiasi fulani, ning'iniza kilo mbili, itavutika mara mbili yake. Mwanafunzi akilielewa hilo amekwisha kuielewa mizani. Basi, ndugu msomaji, springi za gari nazo ni mizani. Mkia unapolala, gari linatuambia kwa lugha yake kwamba mzigo umefika au umepita. Sisi badala ya kupunguza magunia tunalinyamazisha gari.

Sisi watu wa ziwani tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Mvuvi wa Ujiji hahitaji cheti ili ajue mtumbwi umeelemewa. Hutazama ukingo na maji, akaona vidole vingapi vimebaki. Meli nazo huchorwa mstari ubavuni, jambo lililopata nguvu ya sheria huko Uingereza mwaka 1876 kwa bidii ya mbunge Samuel Plimsoll, aliyechoka kuona mabaharia wakizamishwa na tamaa ya wenye meli. Nasi tunajua yatokanayo na kupuuza kipimo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara katika Ziwa Victoria kikiwa kimejaza watu kupita kiasi, na zaidi ya watu 200 wakafa. Gari halina maji ya kulipima. Mstari wake ni mkia wake. Anayeuinua kwa upepo ili apakie zaidi amefanya kama nahodha aliyeupaka rangi mstari wa meli ili usionekane.

Hata gari lenyewe hudanganyika. Pikapu nyingi, zikiwamo Toyota Hilux za miaka mingi, zina kifaa kidogo karibu na ekseli ya nyuma kinachopima umbali kati ya ekseli hiyo na chesesi. Mzigo ukilaza mkia, kifaa hicho huruhusu breki za nyuma zishike kwa nguvu zaidi. Mkia ukiwa juu, huzipunguzia nguvu, maana gari tupu likifungwa breki kali nyuma huteleza. Sasa pakia tani moja na nusu, kisha uinue mkia kwa mifuko, na kifaa kile usikirekebishe. Kitaamini gari ni tupu. Utateremka milima ya Manyovu ukiwa na mzigo wa lori, na breki za nyuma zitafanya kazi ya gari lisilo na kitu. Wangapi wanaofunga mifuko hii humweleza mteja habari hiyo?

Tuendelee na hesabu. Mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 ni tani moja kamili. Madumu 60 ya mawese ya lita 20 yanapita tani moja. Mfuko wa upepo haupunguzi hata kilo moja katika hiyo. Uzito wote bado uko juu ya tairi zile zile, beringi zile zile, ekseli ile ile. Gari la tani mbili likifanywa la tani tatu, breki hupewa kazi mara moja na nusu kwa mwendo ule ule. Na mwendo ukipanda kutoka kilometa 40 hadi 80 kwa saa, kazi hiyo huwa mara nne. Chesesi nayo huteswa. Springi ya majani huigawa nguvu katika ncha zake mbili. Mfuko huisukuma chesesi mahali pamoja, juu ya ekseli. Huko Australia, wanakopenda kuvuta tela kwa pikapu za milango minne, chesesi zilizopinda kati ya kichwa na bodi ni habari ya kawaida.

Kuhusu tela uongo ni mkubwa zaidi. Tela ya kilo 1,000 iliyopakiwa vizuri huweka kama kilo 100 juu ya ndoana ya gari. Tuseme ndoana iko meta 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, na kati ya ekseli mbili za gari pana meta 3. Kwa kanuni ya wenzo, magurudumu ya mbele hupunguziwa kilo 40, na ya nyuma huongezewa 140. Jaza upepo upendavyo: gari litasimama sawa machoni, lakini zile kilo 40 hazirudi mbele, penye usukani.

Mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mwenye magari mawili, alikuja kunisalimu, tukabishana. "Shikamoo Mwalimu." Nikaitikia. Akasema, "Lakini Mwalimu, safari moja ikibeba ya mbili, mafuta nimeokoa. Watoto wanakula." Hoja hiyo siidharau, kwa kuwa njaa si nadharia. Nilimwuliza jambo moja tu: "Na yule kijana anayekaa juu ya magunia, yeye umemwokolea nini?" Akatazama chini. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hapa mwenzio ni utingo, ni mama wa dagaa aliyeomba lifti, ni mtoto wa shule anayetembea pembeni mwa barabara ya Kasulu.

Wengine husema serikali ingekataza kama kungekuwa na hatari. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2013, inahusu magari makubwa, kuanzia tani 3.5. Pikapu hupita kando ya mizani bila kuulizwa. Kwa hiyo askari wa barabarani amebaki na macho yake, na macho hayo ndiyo yanayozibwa na mkia ulioinuliwa.

Mifuko hii ina kazi yake halali: kulisawazisha gari lililobeba mzigo ulio ndani ya kipimo chake, ili taa zimulike barabara na usukani usiwe mwepesi. Kwa kazi hiyo naikubali. Ila fundi anayeifunga na amwambie mteja waziwazi kwamba kipimo hakikuongezeka, na akirekebishe kile kifaa cha breki. Vyuo vya VETA viwafundishe vijana somo hili pamoja na spana. Mwenye gari asome kipimo kilichoandikwa na kiwanda, na kama kitabu chake ni cha Kijapani, atafute wa kumsomea. Ahesabu magunia kabla ya kupakia, wala asimpandishe mtu juu yake. Magunia yakizidi, yashushwe yangoje safari ya pili. Dagaa waliokaushwa vizuri hawaozi kwa siku moja.